Tulivyoiona Kasongo na Kabambare

Watu wenye nafasi hupenda kusafiri kwenda kutazama miji ya kale. Mume na mkewe hupanda ndege mpaka Goa, huko Uhindi, mahali walipotawala Wareno tangu mwaka 1510 hata mwezi wa Desemba 1961. Huko huona makanisa makubwa ya mawe, huzuru mwili wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri katika kanisa la Bom Jesus, hutembea ndani ya boma zilizoachwa na wenyewe, kisha hurudi nyumbani na picha nyingi. Safari ya namna hiyo si upuzi. Mume na mke wanaotembea pamoja hujifunza kutazama pamoja, nao hupata mazungumzo ya kuwatosha miaka.

Sisi wawili, wakazi wa Kindu, hatukuwa na nauli ya kwenda Goa. Tulikuwa na akiba kidogo, pikipiki ya kukodi na majuma mawili ya mapumziko. Basi tukakata shauri kwenda kuona mji wa kale ulio katika jimbo letu wenyewe, nao ni Kasongo, pamoja na Kabambare ndugu yake, katika Maniema ya kusini. Hata hapo wageni walitoka mbali, wakajenga, wakatawala, wakaondoka.

Tena msidhani kwamba Goa na Kasongo ni nchi zisizojuana. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, iliamriwa na wakubwa wa Wareno waliokaa Goa. Mwaka 1698 Waarabu wa Omani waliitwaa ngome hiyo, na baadaye Unguja ikawa makao ya masultani wao. Kutoka Unguja misafara ilivuka bara, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika Kabambare na Kasongo. Hata leo Mkasongo aketipo mezani, au apandishapo bendera, hutamka maneno ya Kireno bila kujua. Mahindi nayo asili yake ni Amerika, na Wareno ndio walioyavusha bahari hata pwani za Afrika.

Ilikuwako sababu nyingine ya safari yetu. Mmoja wetu ni wa ukoo wa Wangwana, ndio watu walioambatana na misafara ya pwani. Mwenzake ni Mbangubangu wa Kabambare, na wazee wake walikimbia porini waliposikia bunduki za misafara hiyo. Watoto wetu wameanza kusoma historia shuleni, nao wametuuliza: sisi tu watu wa upande gani? Swali hilo halijibiwi kwa kuketi nyumbani.

MJI USIO NA MAWE

Mgeni aingiaye Kasongo akitazamia magofu makubwa atashangaa. Hakuna ngome wala kuta ndefu. Wageni wa pwani walijenga kwa udongo na miti, na udongo hurudi kuwa udongo. Walichoacha ni vitu vyenye uhai: miembe, kilimo cha mpunga, nyumba za pembe nne zenye baraza mbele, misikiti, na zaidi ya yote Kiswahili chenyewe, ambacho wengi hapa hukiita Kingwana. Kasongo ni mmoja wa miji ya Kongo yenye Waislamu wengi, nao hukaa jirani na Wakristo, husalimiana na kuzikana.

Mji wa zamani haukuwa mahali ulipo mji wa leo. Mahali pake huitwa Tongoni. Kwa Kiswahili tongo ni mahali palipohamwa, palipokuwa na watu zamani. Wataalamu wa mambo ya kale, Wakongo na Wabelgiji kwa pamoja, wamekwenda kupachunguza, na mwaka 1920 na miaka mia zaidi, yaani 2020, walitangaza habari zake kwa ulimwengu. Mtu asiye mtaalamu huona vichaka, mashamba na miembe mizee. Lakini akijua palipokuwa, hatapita upesi.

Palikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliyezaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Alikaa Kasongo tangu karibu mwaka 1875, akakusanya pembe za ndovu na kuwatawala watu wa nchi kubwa. Mwaka 1887 alipatana na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, akafanywa gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Mwaka 1890 alishika njia ya pwani, asirudi tena. Aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, akafa Unguja mwaka 1905. Nyumba yake ya Unguja ingali imesimama. Mji wake wa Kasongo umemezwa na majani.

Mwanawe Sefu alibaki. Mwaka 1892 vita viliwaka kati ya Waarabu na Dola Huru ya Kongo. Wabelgiji wawili waliokaa Kasongo, Lippens na De Bruyne, waliuawa. Askari wa Dhanis waliitwaa Nyangwe mwezi wa Machi 1893, na tarehe 22 Aprili wakaingia Kasongo. Pamoja nao alikuwako daktari Mwingereza, Sidney Hinde, ambaye mwaka 1897 alitoa kitabu juu ya vita hivyo. Anasimulia kwamba hata askari wa kawaida walilala juu ya magodoro ya hariri, katika vitanda vya nakshi vyenye vyandarua. Walikuta mishumaa, sukari na viberiti. Ghala zilijaa mchele, kahawa na mahindi. Bustani zilijaa michungwa, mipera, mikomamanga, mananasi na miembe.

Habari hizo tulikuwa tumeziandika katika daftari, nasi tulizisoma pale pale Tongoni, chini ya mti. Mume alisoma kwa sauti ya furaha, maana ni nani asiyependa kusikia kwamba mji wa kwao ulikuwa mkubwa? Mke alisikiliza hata mwisho, kisha akauliza: "Baba watoto, ni nani waliobeba vitu hivyo kutoka pwani?"

Kutoka pwani mpaka Kasongo ni zaidi ya kilometa 1,300, hata ukipima kama arukavyo ndege. Hapakuwa na gari wala punda wa kutosha. Kila mshumaa na kila jora la hariri lilipanda juu ya kichwa cha mtu. Pembe zilishuka vivyo hivyo. Wengine walikuwa wapagazi wa ujira; wengine walikwenda na kongwa shingoni. Na mpunga wa ghala zile, uliolisha mji mzima, ulilimwa kwa sehemu kubwa na mikono ya watumwa. Tulikaa kimya kidogo. Tangu hapo hatukuitazama miembe ile kwa jicho moja tena.

SOKO LA NYANGWE

Kaskazini-magharibi ya Kasongo, kwenye ukingo wa Lualaba, iko Nyangwe. Zamani ilikuwa na soko mashuhuri. Wanawake walivuka mto kwa mitumbwi wakileta samaki, vyungu, mafuta na kuku. Walipatana bei, walicheka, walipashana habari. Daudi Livingstone alikaa Nyangwe tangu mwisho wa Machi 1871, naye alipenda kwenda sokoni kuwatazama.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki, wafuasi wa wafanya biashara, walianza kupiga risasi katikati ya soko. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa, wengi wakajitupa mtoni na maji yakawachukua. Waarabu wenyewe walikadiria wafu kuwa kati ya 330 na 400, na wengi wao walikuwa wanawake. Livingstone aliona kwa macho yake. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino alioutengeneza kwa mbegu za mmea. Wino ule ulififia hata usisomeke vizuri, mpaka wataalamu walipoufufua kwa mitambo ya mwanga mwaka 2011.

Habari za mauaji hayo zilifika Uingereza mwaka 1872, zikawachoma watu moyo. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Basi wale mama wa Nyangwe, ambao majina yao hayakuandikwa, wamo katika historia ya kukomeshwa kwa biashara ile. Yafaa binti zetu walijue jambo hilo.

KABAMBARE

Kutoka Kasongo kwenda Kabambare ni mwendo wa kuelekea mashariki, zaidi ya kilometa 100. Barabara ina mashimo na madaraja yanayohitaji subira, na mvua ikinyesha, mke hushuka na kusukuma pikipiki pamoja na mumewe. Nchi hiyo imepata pia misukosuko ya vikundi vya silaha katika miaka yetu. Kwa hiyo atakaye kwenda aulize kwanza habari za njia kwa wenyeji, wala asione haya kuahirisha.

Kabambare ndiyo nchi ya Wabangubangu, na karibu nao wamo Wabuyu, ambao sanamu zao za mababu, zilizochongwa kwa ustadi, zimetunzwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Misafara iliyotoka ziwani ilipumzika hapa kabla ya kufika Lualaba. Livingstone, aliyeuandika mji huu Bambarre, alifika mwezi wa Septemba 1869. Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vilimlaza hapa tangu Julai hata Februari 1871. Wakati huo wafuasi waliomshika walikuwa watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Katika Maniema aliisoma Biblia yote mara nne. Kutoka hapa, mwezi wa Februari 1871, alimwandikia rafiki yake Waller barua ndefu juu ya ubaya wa biashara ya watu, barua iliyosomeka tena mwaka 2010 kwa mitambo ile ile ya mwanga.

Lakini asidhani mtu kwamba taabu ya Kabambare ilikwisha Waarabu waliposhindwa. Mwezi wa Januari 1894 majeshi ya Dola Huru yaliitwaa Kabambare. Mwaka 1898 askari wa dola hiyo hiyo, waliowaasi maofisa wao, waliuteka mji. Mkulima wa Kibangubangu alimwona bwana mmoja akiondoka na mwingine akiingia, na kila mmoja alidai chakula na wapagazi. Bendera zilibadilika, mzigo ukabaki juu ya kichwa kile kile.

Tulipofika tulipokewa na shangazi wa upande wa mke. Alitupikia wali na kisamvu. Usiku, mbele ya moto, mume wa Kingwana alikula katika sahani moja na shemeji zake wa Kibangubangu, na lugha waliyozungumza ilikuwa ile iliyokuja na misafara. Hakuna aliyeona ajabu. Nasi hapo ndipo tulipoanza kupata jibu tulilolitafuta.

NENO KWA WAZAZI

Wako wazazi wanaoficha. Mwenye babu aliyekuwa na bunduki husema kwamba babu yake alikuwa mfanya biashara tu. Mwenye bibi aliyefungwa kongwa hunyamaza kwa aibu, kana kwamba aibu ni ya aliyefungwa. Wengine hufanya vibaya zaidi: huwarithisha watoto chuki, wakawatajia jirani zao kwa majina ya zamani. Njia zote tatu zaharibu nyumba, maana mtoto atakuja kusikia habari nje, tena kwa kinywa cha mtu asiyempenda.

Sisi tumekubaliana kuwaambia wetu hivi: Ninyi ni watoto wa pande zote mbili. Msijivune kwa hariri ya Kasongo bila kumkumbuka aliyeibeba. Msilie kwa ajili ya Nyangwe mkamchukia jirani ambaye hakuwako. Kiswahili mnachosema kililetwa kwa njia ya machozi, lakini ni chenu, nanyi mwaweza kukitumia kwa kusemea kweli.

Tena jambo hili si la Kasongo peke yake. Ujiji, Kigoma, Tabora, hata Dar es Salaam wako watu waitwao Wamanyema, wajukuu wa waliotoka huku, wengine kwa hiari, wengi kwa nguvu. Kila nyumba ya namna hiyo ina swali lake.

Kwa hiyo, ninyi mume na mke mnaoweka akiba kwa ajili ya matembezi, msidharau miji ya karibu. Chukueni daftari. Waulizeni wazee majina ya vijito, vilima na miti, na mwandike mnayoambiwa pamoja na jina la msemaji na tarehe, kwa kuwa miembe ya Tongoni imezeeka, na wazee wanaojua habari za babu zao wanapungua kila mwaka. Daftari moja lililoandikwa vizuri litawafaa wajukuu wenu kuliko picha mia za mji wa ng'ambo.