Ratiba Inayopangwa na Mchanga

Swali lililonikaa kichwani tangu nianze kuzunguka vijiji vya Kitui ni la saa. Kwa nini saa kumi alfajiri? Mto Tiva ukikauka, mchanga wake upo pale pale mchana kutwa, na maji yamo ndani. Mama mwenye watoto wanne anaamkia nini gizani, ilhali kanuni za elimu za Kenya za 2015 zinataka masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili?

Mama niliyemuuliza, mkulima wa pojo na mtama kando ya mto huo, aliniambia nifuatane naye nikajionee.

Kisima chenyewe ni shimo katikati ya mto, limezungushiwa matawi ya miiba ili mbuzi wasiingie. Alisogeza tawi moja, akapiga magoti, akamulika kwa simu. Maji yalikuwa yametulia. Hakuyateka. Kwanza aliyaengua ya juu kwa kata ya kibuyu, akammiminia punda kwenye beseni. Kisha akangoja. Kuta za shimo zilianza kutoa jasho, matone yakaungana, maji mapya yakapanda, safi. Ndipo alipoanza kujaza mtungi wa lita 20, kata ikiingia na kutoka bila kugusa ukuta. Ukiwa na haraka, alisema, mchanga unaporomoka, maji yanavurugika, na unaanza upya kungoja. Mtungi wa kwanza ulijaa upesi. Wa pili ukakawia. Kufikia wa nne kata ilikuwa ikikwaruza chini, na nyuma yetu wenzake walikuwa wamekwisha kupanga foleni.

Hilo ndilo jibu. Mchanga hutoa maji kidogo kidogo usiku kucha, na wa kwanza kufika ndiye anayekuta akiba. Anayekuja saa tatu anakuta kungoja.

Vitabu vinavyowahimiza wazazi kudamka huzungumzia nia. Mama huyu hajawahi kukosa nia. Kwake asubuhi huanza jioni: muthokoi huchemshwa usiku, maana mahindi yaliyokobolewa hayaivi kwa pupa, sare za shule hukunjwa juu ya kiti, kuni hupasuliwa, mitungi minne na kamba za punda huwekwa mlangoni, kila kitu mahali pake, asipapase gizani akaamsha mtoto mchanga. Akirudi mtoni anabandika uji, anapasha muthokoi, anawaogesha wadogo kwa maji aliyoyapima kwa kikombe. Wakishaondoka, shamba linamngoja. Mumewe anafanya kazi Nairobi. Simu yake huja jioni.

Miezi migumu, alisema, ni Agosti na Septemba, kabla ya mvua za Oktoba ambazo Ukambani ndizo tegemeo. Nilimwona akihesabu kwa vidole.

Dawa inajulikana: bwawa la mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto, juu ya mwamba. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma yake, na kati ya asilimia 25 na 40 ya ujazo huo inaweza kuwa maji yaliyofichika mbali na jua. Shirika la SASOL, lililoanzishwa Kitui mwaka 1990, limejenga mamia ya mabwawa hayo, wanakijiji wakibeba mawe kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja. Penye ukuta, visima vya jirani hujaa haraka, na foleni hupungua.

Lakini mchanga huo huo unatakiwa na wajenzi wa Nairobi. Kaunti jirani ya Makueni ilipitisha sheria ya kuulinda mwaka 2015, na nadhani ni miongoni mwa sheria muhimu zaidi kwa akina mama kuwahi kutungwa na kaunti, ingawa haiwataji. Lori likizoa mchanga usiku, linaondoka na maji ambayo mtu alipanga kuyateka alfajiri.

Nilimuuliza mama huyu, ukuta ukijengwa karibu na kwake, saa atakazookoa atazifanyia nini. Alisema atalala.

Kuhusu bintiye mkubwa hakuwa na jibu. Msichana huyo ameanza kuamka naye bila kuitwa, anabeba tochi, anashika kamba ya punda, kisha anakwenda shule. Mwalimu amelalamika kwamba anasinzia darasani. Mama alinitazama akaniuliza, mwanangu, sasa nimkataze?