Dhamira Haiji Peke Yake

"Nafasi ya mwanamke", "matabaka", "malezi": ndivyo tulivyozoea kuipanga Rosa Mistika (1971) ya Kezilahabi, kila dhamira na fungu lake. Kusahihisha ni rahisi, lakini je, Rosa anaumia kwa mafungu? Ni binti, ni maskini, tena baba yake mlevi. Yote yanambana kwa mkupuo.

Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw wa Marekani alilifananisha jambo hili na njia panda: aliyesimama pale anaweza kugongwa kutoka kila upande.

Sasa tuipeleke riwaya hii darasani Kasulu au Kibondo. Hadi Novemba 2021, msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi shule ya serikali. Wa mwenye nacho angeweza kutafutiwa njia ya kulipia. Wa mkulima, basi tena, alishika jembe. Na huko Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, binti huongezewa mzigo wa tatu: ukimbizi.

Kwa hiyo mwalimu asiishie kuuliza, "Dhamira ni zipi?" Aulize pia, "Zinakutana kwa nani?" Huenda anayejibiwa yumo humo humo darasani, dawati la nyuma.