Jongo Kwenye Uti wa Mgongo: Ugonjwa Unaovaa Sura ya Kifua Kikuu

Madaktari wa upasuaji wa mgongo katika nchi mbalimbali wameripoti mkasa unaofanana. Mgonjwa anafika na maumivu makali ya kiuno, homa, na miguu inayokufa ganzi. Picha zinaonyesha pingili zilizolika na uvimbe unaobana mishipa ya fahamu. Anaingizwa chumba cha upasuaji, mgongo unafunguliwa kwa matarajio ya kukuta usaha au saratani, na kinachokutwa ni kitu cheupe kinachomeguka kama chaki. Ni fuwele za chumvi ya asidi ya yuriki. Mtu huyo ana jongo, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita gauti na tumezoea kuuona kwenye kidole gumba cha mguu.

Asidi ya yuriki hupatikana mwili unapovunjavunja purini, zilizomo ndani ya seli zetu wenyewe na katika vyakula kama nyama, maini na dagaa. Figo ndizo zenye kazi ya kuitoa. Ikizidi takriban miligramu 6.8 kwa desilita moja ya damu, haiwezi tena kuyeyuka yote, na fuwele huanza kujijenga polepole. Ubaridi wa vidole vya miguu huzisaidia kuganda, ndiyo maana mara nyingi ugonjwa huanzia huko. Usipotibiwa kwa miaka, hauishii huko.

Kwa muda mrefu jongo la mgongo lilihesabiwa kuwa jambo la nadra sana. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 48 wa jongo waliopigwa picha za CT za mgongo. Wagonjwa 17 kati yao, yaani zaidi ya thuluthi, walikuwa na alama za ugonjwa huo kwenye pingili, karibu wote sehemu ya kiuno. Kilichonishtua mimi ni hiki: kuumwa mgongo hakukutofautisha waliokuwa nao na wasiokuwa nao. Wala kiwango cha asidi kwenye damu hakikusaidia. Kilichoendana na ugonjwa wa mgongo ni mifupa ya mikono na miguu iliyokwisha kulika. Ndiyo kusema, anayetaka kujua hali ya mgongo wa mgonjwa wa jongo na aanze kwa kumvua viatu.

Hapa Afrika Mashariki suala hili lina uzito wake wa pekee, kwa sababu ya kifua kikuu. Kifua kikuu cha uti wa mgongo tunacho, na daktari anayeona pingili zilizolika pamoja na homa ana kila sababu ya kukifikiria kwanza. Simlaumu hata kidogo. Tatizo linakuja pale dawa zinapoanzishwa kwa kuangalia picha tu. Matibabu hayo huchukua kati ya miezi 6 na 12, na moja ya dawa za mwanzo, pirazinamidi, huzuia figo kutoa asidi ya yuriki. Mwenye jongo akipewa dawa hiyo kimakosa, asidi hupanda na jongo lenyewe linaweza kuchachamaa. Anazidi kuumwa huku kila mtu akimwambia avumilie, dawa zitafanya kazi.

Je, picha haziwezi kuamua? Eksirei ya kawaida huchelewa. Ikianza kuonyesha kitu, mfupa umeshaharibika. MRI huonyesha vizuri sana uti wa mgongo na mahali mishipa inapobanwa, lakini rundo la fuwele humo hubadilika sura: pengine ni jeusi, pengine lina weupe, na likidungiwa dawa ya kung'arisha picha hung'aa pembeni kama jipu linavyong'aa. Mtaalamu wa mionzi asiyeambiwa kwamba mgonjwa ana historia ya jongo ataandika “maambukizi” au “saratani”, na atakuwa ameandika kwa haki kabisa. CT huona mfupa vizuri zaidi: mashimo yenye kingo ngumu zilizokatika vizuri, hasa kwenye viungo vidogo vya nyuma ya pingili, na kando yake vinundu vizito kuliko nyama ya kawaida.

Kipimo kinachokaribia kuitaja asidi yenyewe ni CT ya nishati mbili. Mashine hupiga sehemu ileile kwa miale ya nguvu mbili, kwa mfano kilovolti 80 na 140. Kalsiamu ya mfupa huzuia miale dhaifu kwa wingi kuliko ile yenye nguvu, hivyo picha zake mbili hutofautiana sana. Fuwele za jongo zimeundwa zaidi na atomu nyepesi kama kaboni, naitrojeni na oksijeni, na tofauti yake ni ndogo. Kompyuta hulinganisha picha hizo na kuzipaka fuwele rangi, mara nyingi kijani. Hata hivyo, rundo dogo au changa linaweza kukosa rangi, na rangi inaweza kutokea mahali pasipo na fuwele. Tena mashine hizi ni ghali, na hospitali nyingi hazina.

Kinachobaki ni sindano. Kwa kuongozwa na CT, daktari huchukua kinyama kutoka kwenye uvimbe wenyewe. Na hapa ndipo ninapotaka kila anayehusika asimame kidogo, kwa sababu jibu linaweza kupotea ndani ya chupa. Vinyama karibu vyote huwekwa kwenye fomalini, ambayo ina maji, na maji huyeyusha fuwele za jongo. Maabara hubaki na matundu membamba yenye umbo la sindano, yaliyozungukwa na seli za kinga. Mtaalamu mzoefu anaweza kuyatambua, asiyeyatarajia huyapita. Kipande kinachoshukiwa jongo kiwekwe kwenye alkoholi halisi isiyo na maji. Kingine kiende bila dawa yoyote kuoteshwa vimelea na kupimwa kifua kikuu, maana fuwele na maambukizi vinaweza kukaa pamoja kwa mgonjwa mmoja.

Fuwele zikifika salama, darubini ya mwanga uliopolarishwa humaliza ubishi. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1961 na Daniel McCarty na Joseph Hollander wa Philadelphia: sindano nyembamba zinazong'aa njano zikilala sambamba na mhimili wa kichujio, na kugeuka buluu zikikaa kinyume chake. Darubini ya namna hiyo ni rahisi mno ukiilinganisha na mashine ya CT, na hutumika pia kwa maji yaliyovutwa kutoka kwenye goti au kidole kilichovimba.

Tiba ipo. Kolkisini au dawa za steroidi hutuliza mwako, kisha alopurinoli hushusha asidi hadi chini ya miligramu 6, na fuwele huyeyuka taratibu kwa miezi na miaka. Wapo waliotayarishwa kwa upasuaji wakapona kwa vidonge. Lakini anayepoteza nguvu za miguu, au aliyeanza kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, hana muda wa kusubiri vidonge: apelekwe hospitali siku hiyohiyo, mishipa ifunguliwe nafasi kabla haijafa.