Mshahara sawa, ushuru tofauti: Kagua P9 yako kabla ya kujaza ritani

Sisi vijana tunaonyeshana kila kitu kwenye simu: picha za sherehe, meseji za ex, hata salio la M-Pesa mwezi ukiwa mzuri. Kitu kimoja tu tunaficha: payslip. Na hapo ndipo pesa zako zinapopotelea.

Sikiza kisa hiki cha Kinna, Isiolo Kusini, upande wa kuelekea Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Beshte yangu ni karani katika shirika moja pale. Jioni moja alikuwa anakunywa chai na jirani yake, ambaye ameajiriwa kwingine. Wote wawili wanalipwa Sh35,000. Utani ukaingia, wakatoa payslip za Desemba 2025 na kuziweka kwenye meza moja. Jirani alikatwa PAYE ya Sh1,853. Beshte yangu akakatwa Sh2,253.

Serikali moja, mji mmoja, mshahara mmoja. Sasa hizo mia nne zimeenda wapi?

Usiku huo alinipigia. Mimi niliacha chuo kabla hesabu hazijaanza kunoga, kwa hivyo usidhani nilitumia akili nyingi. Nilitumia kikokotoo cha simu. Na wewe unaweza, fuata tu polepole.

Mshahara ni 35,000. Kwanza unatoa NSSF, asilimia 6, ambayo ni Sh2,100. Unatoa SHIF ya matibabu, asilimia 2.75, yaani Sh962.50. Unatoa ada ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, Sh525. Inabaki Sh31,412.50. Hiyo ndiyo pesa inayotozwa ushuru.

Shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, yaani Sh2,400. Zile 7,412.50 zilizobaki zinatozwa asilimia 25, yaani Sh1,853. Jumla ni Sh4,253. Ukiondoa nafuu ya ushuru ambayo kila mfanyakazi anapata, Sh2,400 kwa mwezi, unabaki na Sh1,853. Jirani alikuwa sawa.

Kwa beshte yangu, mwajiri alitoa NSSF peke yake kabla ya kupiga ushuru. SHIF na ada ya nyumba zilikatwa, ndiyo, lakini baadaye, ushuru ukiwa tayari umehesabiwa. Kumbe sheria ilibadilika Desemba 27, 2024: makato hayo mawili sasa yanatolewa kwanza. Mwaka mzima wa 2025 ukapita na hesabu ya zamani. Mia nne mara 12 ni karibu Sh4,800. Sokoni Kinna hiyo ni mbuzi, mdogo au wa maana, inategemea unavyojua kubishana bei.

Sasa hapa ndipo pana noma. P9 ndiyo fomu ambayo mwajiri anakupa mwaka ukiisha, ikionyesha mwezi baada ya mwezi ulilipwa ngapi, makato gani yalitolewa, na ushuru uliokatwa. Unaitumia kujaza ritani kwenye iTax kabla ya Juni 30. Kama P9 ina kosa kama la beshte yangu, ukijaza ilivyo, mfumo hautakuambia kitu. Kosa limejipanga vizuri kuanzia juu hadi chini, ushuru uliokatwa unalingana na mshahara ulioandikwa kuwa wa kutozwa, na iTax inakwambia hudaiwi. Unafurahi, unafunga simu. Mbuzi ameenda.

Makosa mengine yanajitangaza yenyewe. PIN yako ikikosewa herufi moja, au mwajiri akikata bila kupeleka KRA, P9 itasema ulilipa lakini iTax haitaona hiyo pesa, na utaonekana una deni. Ukiona hivyo usikimbilie saiba kuambiwa, "Tuweke tu ritani ya sufuri, iishe." Ritani ya sufuri ni ya mtu asiye na mapato. Wewe una mshahara na mwajiri wako ameshauripoti. Pia usikubali namba zichezewe hadi deni lipotee. Anayebonyeza ni jamaa wa saiba, lakini ritani ni yako. Maswali yakija, yanakuja kwa PIN yako.

Kwa hivyo fanya hivi. Tafuta payslip zote 12 na taarifa ya benki au M-Pesa inayoonyesha mshahara ulioingia. Linganisha kila mwezi na mstari wake kwenye P9. Angalia PIN yako na ya mwajiri. Angalia kama NSSF, SHIF na ada ya nyumba zimetolewa kabla ya ushuru. Angalia kama nafuu ya mwaka inafika Sh28,800 ikiwa ulifanya kazi miezi yote. Kama ulibadilisha kazi katikati ya mwaka, dai P9 kwa waajiri wote wawili.

Ukipata kosa, usirekebishe P9 kwa mkono wako. Fomu ni ya mwajiri na ni yeye anayeirekebisha. Mwandikie barua pepe ili kuwe na ushahidi: mwezi fulani, mlikata hii, hesabu sahihi ni hii. Yeye anarekebisha ritani zake za PAYE za miezi hiyo, kisha anakupa P9 mpya. Na usiogope kama unaomba msaada. Sheria ya Fedha ya 2025, iliyoanza Julai 1 mwaka huo, inamtaka mwajiri ahesabu nafuu na makato yote unayostahili bila kungoja uombe.

Kwa P9 iliyo sawa, ritani itaonyesha ulilipa zaidi, na unaomba kurejeshewa kupitia iTax. Tayari ulikuwa umejaza? Mfumo unakubali ritani iliyorekebishwa. Lakini usipitishe Juni 30 ukingoja, kwa sababu faini kwa mtu binafsi ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa. Mtandao ukisumbua, nenda Huduma Centre pale Isiolo mjini.

Beshte yangu aliingia kwa mhasibu na karatasi yake akiwa na jasho. "Madam, samahani, naona kama kuna kitu hakijakaa sawa."

"Mdogo wangu, si mimi nakata, ni kompyuta," akajibiwa.

Akamwachia ile hesabu na kumwomba aiangalie akipata nafasi. Siku mbili baadaye aliitwa. Madam alikuwa amefungua Excel ya mishahara na kukuta fomula ya 2024 imenakiliwa kila mwezi. Na haikuwa kwake tu. Ofisi nzima ilikuwa inakatwa zaidi, madam mwenyewe pia.

P9 mpya zilichukua wiki tatu. Pesa yenyewe bado haijarudi. Ombi liko KRA, na amejifunza kuwa subira ni sehemu ya mchakato. Lakini mshahara wa mwezi uliofuata ulikuja ukiwa na mia nne zaidi, na watu ofisini walianza kumwita "mkaguzi".

Leo jioni, kabla hujaingia TikTok, fungua P9 yako. Kisha mtafute rafiki mnayelipwa karibu sawa, muagize chai, na mweke payslip mezani. Aibu ni ya dakika moja. Ushuru unakatwa kila mwezi.