Waya wa Mita Arobaini Juu ya Migomba ya Nkwenda

Mwezi Juni 1915 kikosi cha Waingereza kilipanda meli Kisumu, kikavuka Ziwa Viktoria na kushuka karibu na Bukoba. Kilichowapeleka huko kilikuwa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani, kilichounganisha upande wa magharibi wa ziwa na makamanda wao kwingineko. Mapigano yalidumu tarehe 22 na 23. Miongoni mwa washambuliaji alikuwemo mwindaji Frederick Selous, ambaye jina lake baadaye lilipewa pori kubwa la kusini mwa Tanzania. Kituo kilibomolewa, mji ukaporwa, na meli zikarudi zilikotoka. Safari yote ile ilifungwa kwa sababu ya mlingoti, mitambo na nyaya.

Leo mtu wa Kagera anaweza kuwa na kituo chenye uwezo mkubwa kuliko kile kwenye meza ya sebuleni. Redio ya wati 100 inatumia betri ya gari, na sehemu inayobaki, ile iliyo muhimu kuliko zote, ni waya ulioning'inizwa nje. Wenye vituo vya namna hiyo ni watu wa redio ya ridhaa: wenye leseni ya kurusha mawimbi kwa kujifunza, kwa urafiki na kwa huduma wakati wa maafa, bila malipo. Tanzania leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na kila kituo hupewa jina linaloanza na 5H. Enzi za ukoloni Tanganyika ilikuwa VQ3 na Zanzibar VQ1. Anayesikiliza kutoka Kagera usiku hukutana na majirani kwa majina yao: 5X wa Uganda, 9X wa Rwanda, 9U wa Burundi, 9Q wa Kongo, 5Z wa Kenya.

Nkwenda ni mahali pazuri pa kueleza kazi ya waya huo. Ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, katika nchi ya vilima, mabonde na migomba inayoishia Mto Kagera, mpakani na Rwanda. Mawimbi mafupi sana, kama ya FM au ya redio za mkononi za walinzi, husafiri kwa mstari ulionyooka, na yakikuta kilima safari huishia hapo. Bendi za chini, za mita 160, 80 na 40, zina njia nyingine: hupanda juu, hupinda katika tabaka la anga lenye chaji za umeme lililo kilomita 250 au zaidi kutoka ardhini, kisha hurudi chini. Wimbi linaloshuka kutoka juu halizuiwi na kilima.

Afrika Mashariki ililijua hilo zamani. Mwaka 1957 madaktari wapasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari wa ndege yenye makao Nairobi, ambayo leo ni AMREF. Kilichoifanya huduma hiyo iwezekane vijijini, pamoja na ndege, ni redio ya upepo: hospitali za misheni zilizokuwa mbali na simu ziliita Nairobi kupitia waya uliofungwa kati ya miti miwili uani. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Ngara na Karagwe, magari ya mashirika ya misaada yalitambulika kwa fimbo ndefu za antena zilizofungwa mbele. Na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililoua watu wasiopungua 17 mkoani Kagera, lilikumbusha umuhimu wa kuwa na mawasiliano yasiyotegemea mnara wa mtu mwingine.

Antena ya msingi inaitwa dipole: waya mmoja uliokatwa katikati, kila nusu ikielekea upande wake, kebo ikishuka kutoka katikati hadi kwenye redio. Urefu wake hupatikana kwa kugawanya 143 kwa masafa yaliyo katika megahezi. Kwa megahezi 7.1 jibu ni mita 20 na ushei. Kwa 3.6 ni mita 39.7. Kwa 1.83 ni mita 78, kipande kinachoweza kumaliza shamba zima la mtu.

Hesabu hiyo ni ya kuanzia tu. Waya wenye ganda la plastiki huhitaji kuwa mfupi kidogo kuliko ulio wazi, na ardhi, paa la bati na miti ya jirani vyote huuvuta huku na huku. Kwa hiyo fundi hukata mrefu, hupandisha, hupima, hushusha. Tuseme waya wa mita 39.7 umeonyesha kwamba unapenda megahezi 3.45 badala ya 3.6. Zidisha 39.7 kwa 3.45, gawanya kwa 3.6: inabaki mita 38.05, yaani kila upande unapungua kama sentimita 83. Mwenye busara hazikati hizo sentimita. Huzikunja nyuma na kuzisokota kwenye waya wenyewe, kwa kuwa waya ukikatwa haurefuki tena.

Kuhusu kimo, ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuinua waya hadi nusu ya wimbi, na kwa bendi ya mita 80 hiyo ni mita 40 hewani. Ushauri huo unamfaa anayetafuta mabara mengine. Aliyeko Nkwenda na anayetaka kuzungumza na Bukoba, kama kilomita 100 kwa mstari wa ndege, au na Kigali, Mwanza na Kampala, anahitaji mawimbi yanayopanda karibu wima, na waya ulio mita 8 hadi 12 kutoka ardhini ndio unaoyarusha hivyo. Mkaratusi mmoja wa kiasi katikati na nguzo mbili fupi kwenye ncha vinatosha. Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, nayo hufikika usiku kwa waya huohuo.

Saa zina sheria zake. Mchana tabaka jingine la chaji za umeme, lililo chini zaidi angani, hunyonya bendi ya mita 80, hasa hapa karibu na ikweta ambako jua liko utosini, na kazi ya majirani hufanywa kwenye mita 40. Jua la Kagera huzama karibu saa 1 usiku, nusu saa hivi baada ya la Dar es Salaam. Likizama, tabaka hilo hutoweka na mita 80 hufunguka.

Linalowachanganya wengi ni ulinganisho, yaani kuifanya antena ikubaliane na kebo. Kebo ya kawaida imeundwa kwa omu 50. Dipole iliyo angani, mbali na kila kitu, ina omu kama 73. Ikishushwa, au ncha zake zikiinamishwa kama paa la nyumba, hukaribia 50. Kutolingana hupimwa kwa kipimo kinachoitwa SWR. Kikisoma 1, hakuna kinachorudi. Kikisoma 2, asilimia 11 ya nguvu hurudi kutoka kwenye antena. Kikisoma 3, asilimia 25. Nguvu inayorudi haipotei yote, kwa kuwa hurushwa tena kuelekea antena, na kinachopotea ni kile kinacholiwa na kebo njiani. Kwenye bendi za chini kebo nzuri hula kidogo. SWR ya 2 haistahili kumnyima mtu usingizi.

Kinachostahili hofu ni SWR nzuri ya uongo. Chukua antena ya wima ya robo ya wimbi, nguzo ya mita 20 kwa bendi ya mita 80. Yenyewe ina omu 36. Ardhi iliyo chini yake, ikiwa na nyaya chache tu zilizotandazwa, huongeza labda omu 14. Jumla ni 50, na mita inasoma 1 kamili. Mwenye redio anafurahi, huku asilimia 28 ya nguvu yake ikipasha udongo joto. Akitandaza nyaya nyingi zaidi, upotevu unapungua na SWR inapanda hadi karibu 1.4. Mita inasema antena imeharibika, kumbe imeponywa. Zaidi ya hayo, nyaya zilizotandazwa katika kibanja kinacholimwa kwa jembe hazimalizi msimu. Kwa sababu hizo mbili dipole ndiyo antena ya Nkwenda.

Pale kebo inapokutana na waya huwekwa baluni: kebo yenyewe imezungushwa mara kadhaa kwenye pete ya feraiti, ili mkondo usiteremke upande wa nje wa wavu wa shaba ulio ndani ya kebo na kuingia nyumbani.

Sasa waya wenyewe. Shaba laini ya nyaya za umeme wa nyumba hurefuka ikivutwa na uzito wa kebo, na baada ya miezi antena imehamia masafa mengine. Shaba ngumu ni bora, na bora zaidi ni chuma kilichovikwa shaba. Kwenye megahezi 3.5 mkondo hupita kwenye ngozi ya nje tu, unene wa milimita 0.035 hivi, kwa hiyo chuma cha ndani kinabeba uzito na shaba ya nje inabeba mkondo. Tena waya wa namna hiyo haumvutii sana mnunuzi wa shaba chakavu, na kila anayeishi vijijini anajua thamani ya hilo.

Kamba za manila za bei nafuu huchakazwa na jua na kuachia nyuzinyuzi. Za katani huoza kwa masika na vuli. Kamba ya poliesta hustahimili zaidi. Mkaratusi huyumba, na waya uliofungwa kwa kukazwa shinani na matawini hukatika upepo wa kwanza wa maana. Dawa yake ni kapi juu ya mti, kamba ipite humo, na mwisho wake uning'inize jiwe au ndoo ya mchanga inayopanda na kushuka mti unapocheza. Nguzo za ncha zipakwe oili chafu upande wa shimoni, la sivyo mchwa watazimaliza. Vihami hutengenezwa kwa vipande vya bomba gumu la plastiki. Kiungo cha katikati kisibebe uzito kwa risasi ya kulehemu: waya ufungwe kwanza, ulehemiwe baadaye, na uachiwe pindo legevu.

Adui mkubwa kuliko wote ni maji. Wavu wa kebo huyanyonya kama utambi wa kibatari, mita baada ya mita, hadi shaba igeuke nyeusi. Kiungo hufungwa tepu ya umeme, kisha vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyovutwa kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, na kebo iachwe ining'inie kwa pindo ili matone yadondokee hapo.

Radi nayo haisahauliki. Eneo la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na ngurumo za ziwani za usiku husikika kama mkwaruzo katika bendi za chini hata mbingu ya Nkwenda ikiwa safi. Mawingu yakikusanyika, kebo hung'olewa kwenye redio na kuachwa nje ya nyumba, ikiwa imeunganishwa na fimbo ya ethi iliyozama ardhini.

Mwisho wa masika na mwisho wa vuli waya huteremshwa, hukaguliwa, hupimwa, na vipimo huandikwa kwenye daftari kando ya vile vya mwanzo. Masafa yakiwa yameshuka, waya umerefuka. SWR ikiruka upepo ukivuma, kiungo kimelegea. Bendi nzima ikisoma vizuri kuliko siku ya kwanza, hapo ndipo pa kutia shaka: kebo iliyolowa hula nguvu kwenda na kurudi, na mita huona kidogo tu kinachorudi. Kebo hiyo hukatwa hadi pale wavu unapoanza kung'aa tena, au hubadilishwa yote.