Kuchagua Chombo cha Kuhifadhia Vitu vya Kuchezea vya Mtoto Mdogo

Utangulizi

Katika nyumba nyingi za Masukulu, wilayani Rungwe, vitu vya kuchezea vya mtoto mwenye umri wa mwaka mmoja hadi mitatu havitoki vyote dukani. Mwanasesere wa matambara aliyeshonwa na bibi hukaa pamoja na gari lililochongwa kwa shina la mgomba, gunzi la mahindi, mfuniko wa sufuria usiotumika tena na, pengine, kigari cha plastiki kilichonunuliwa siku ya soko Tukuyu. Kwa kuwa vitu hivyo havikugharimu fedha nyingi, chombo cha kuvihifadhia nacho huchaguliwa bila kufikiriwa sana. Hutwaliwa ndoo iliyo tupu, tranka la kaka aliyemaliza shule, mfuko wa salfeti au dumu lililokatwa juu.

Makala haya yanahusu uchaguzi huo. Tunauona kuwa uamuzi wa mlaji kama ulivyo uamuzi wa kununua kitanda au jiko, hata pale ambapo hakuna shilingi inayotoka mfukoni. Mtoto mdogo hukiendea chombo hicho mara nyingi kwa siku, aghalabu akiwa peke yake, naye hukiinamia kwa kichwa kwanza. Kwa hiyo tunamshauri mzazi akichunguze chombo kwa makini kuliko anavyochunguza vitu vitakavyotiwa ndani yake.

Chombo kimoja, kazi moja

Tunaanza na ndoo, kwa sababu ndiyo inayopatikana katika kila nyumba. Ndoo ya plastiki ya lita 20 ni nyepesi, husafishika kwa urahisi na haiozi. Mzazi anaweza kujiuliza ina kosa gani.

Tatizo la ndoo liko katika mafunzo inayompa mtoto. Mtoto wa miaka miwili hatofautishi ndoo ya wanasesere na ndoo ya maji kwa rangi wala kwa jina, bali huona umbo. Akizoea kwamba ndani ya umbo lile ndimo kilimo kigari chake, ataliinamia popote atakapolikuta, ikiwa ni pamoja na ndoo ya maji iliyosimama jikoni au uani. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito kikilinganishwa na mwili wake. Akitumbukia kichwa chini, mikono yake haina nguvu ya kumwinua, na ndoo yenye maji ni nzito kiasi cha kutopinduka. Maji yenye kina cha sentimita chache tu yanatosha kumzamisha mtoto mdogo, naye huzama bila kelele.

Kwa sababu hiyo tunatoa kanuni ya kwanza: chombo cha vitu vya kuchezea kisifanane na chombo chochote cha nyumbani chenye hatari ndani yake. Palipo na ndoo za maji, pasiwe na ndoo ya wanasesere. Na ndoo zote za maji, popote zilipo, zifunikwe kwa mfuniko unaobana au ziwekwe mahali mtoto asipofika.

Kanuni hiyo ina uzito zaidi kwa vyombo vilivyowahi kubeba viuatilifu, mafuta ya taa au dawa za mifugo. Rungwe ni wilaya ya wakulima na wafugaji: chai, viazi, migomba, parachichi na ng'ombe wa maziwa. Makopo na madumu ya dawa za shambani hubaki nyumbani baada ya msimu, na mengine yana rangi za kupendeza. Kuyaosha hakutoshi, kwa kuwa baadhi ya sumu hunywea ndani ya plastiki na kuendelea kutoka polepole. Chombo cha aina hiyo kisitumike kwa kazi nyingine yoyote, achilia mbali kazi ya kuhifadhi vitu ambavyo mtoto huvitia kinywani. Mfuko wa mbolea nao uwekwe katika kundi hilo hilo.

Kifuniko

Tranka la bati la mwanafunzi huonekana kuwa hifadhi bora. Ni imara, panya hawalitoboi, na kwa ndani ni pana. Upana huo ndio unaotutia wasiwasi. Chombo ambacho mtoto anaweza kuketi ndani yake, chenye kifuniko kinachofunga na komeo linaloweza kujiangukia lenyewe, kinaweza kumfungia ndani pasipo mtu kujua. Hewa iliyomo huisha upesi, na bati huzuia sauti.

Hatari ya pili ni uzito wa kifuniko. Mtoto husimama akishika ukingo, huinama kutafuta, na kifuniko kilichoegemezwa ukutani humwangukia shingoni au vidoleni.

Ushauri wetu ni kwamba kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, chombo kisicho na kifuniko ndicho bora. Ikiwa tranka au sanduku la mbao ndilo lililopo, mambo manne yafanyike kabla halijatumika. Kwanza, kifuniko king'olewe kabisa; hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Pili, ikiwa lazima kibaki, kiwekewe egemeo litakalokishikilia popote kinapoachwa. Kijaribu kwa kukiinua hadi nusu na kukiachia: kikianguka, hakifai. Tatu, komeo na kufuli viondolewe. Nne, matundu ya hewa yatobolewe pande mbili zinazotazamana, ili sanduku likisukumwa hadi ukutani matundu mengine yabaki wazi, na kingo za matundu hayo zilainishwe.

Kimo na uthabiti

Rafu na kabati la droo hununuliwa na familia zinazotaka chumba kionekane nadhifu. Mtoto, hata hivyo, huiona rafu kama ngazi. Akivuta droo tatu na kukanyaga ya chini, uzito wote huja mbele na kabati humlalia.

Hatari hiyo haiko katika samani duni peke yake. Mwaka 2016, nchini Marekani, kampuni ya IKEA ilitangaza kuyaondoa sokoni makabati ya droo yapatayo milioni 29 baada ya vifo vya watoto walioangukiwa. Mwishoni mwa mwaka 2022 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kudai kabati lijaribiwe uthabiti kabla ya kuuzwa. Tunataja mfano huo ili mlaji aelewe kwamba jina kubwa au bei kubwa havithibitishi kuwa kabati halitaanguka.

Kwa nyumba ya Masukulu tunapendekeza rafu isiyozidi kimo cha kifua cha mtoto, yenye kitako kipana, isiyo na droo. Inayozidi kimo hicho ifungwe ukutani. Hapa pana tahadhari. Msumari uliopigwa katika ukuta wa matofali mabichi au wa udongo hutoka ukivutwa, kwa hiyo rafu ifungwe kwenye nguzo au boriti, si kwenye udongo. Wala vitu anavyovipenda mtoto visiwekwe juu ya kabati refu ili kumnyima, maana hapo ndipo mahali pa kwanza atakapojaribu kupanda.

Malighafi na unyevu

Rungwe hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi, na nyumba huwa na unyevu kwa miezi mingi. Chombo kinachofaa Dodoma huenda kisidumu hapa.

Kapu la mianzi ni chaguo tunalolithamini. Mianzi hupatikana jirani, kapu ni jepesi kiasi kwamba likimwangukia mtoto halimdhuru, na hewa hupita kati ya fito, hivyo unyevu hautuami. Kasoro yake ni vibanzi na ncha za waya. Kabla ya kulipa, pitisha kitambaa chepesi ndani na nje ya kapu, hasa ukingoni. Kitambaa kikinasa, ngozi ya mtoto nayo itanasa. Mwombe mfumaji alainishe mahali hapo au azungushie ukingo kitambaa.

Beseni pana la plastiki lenye kingo fupi linafaa pia, mradi rangi yake isifanane na ile ya mabeseni ya kufulia na lisipewe kazi ya maji hata siku moja. Likishapasuka liondolewe, kwa kuwa ufa wa plastiki hukata kama kisu. Dumu lililokatwa lina tatizo hilo hilo ukingoni. Lililobeba mafuta ya kula laweza kutumika baada ya kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni, na ukingo wake kukunjiwa kitambaa kinene kilichoshonwa.

Sanduku la mbao lipigwe msasa hadi kona zote ziwe za mviringo. Rangi zina jambo la kuangaliwa: baadhi zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto anayekua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto wa umri huu hutafuna ukingo wa chochote kilicho sawa na kinywa chake. Mbao tupu iliyolainishwa vizuri ni bora kuliko mbao yenye rangi isiyojulikana.

Mifuko ya kitambaa hushika ukungu katika hali ya hewa yetu, hivyo ioshwe na kuanikwa juani kila jua linapopatikana. Mifuko ya nailoni isitumike kabisa, kwani ikifunika pua na kinywa humziba mtoto pumzi.

Mahali pa kukiweka

Asubuhi za baridi jiko la mkaa au moto wa kuni huwa kitovu cha nyumba. Chombo kisiwekwe mahali ambapo mtoto lazima apite karibu na moto ili kukifikia. Kiwekwe mahali mzazi anapoweza kukiona akiwa katika kazi zake, mbali na ngazi, chupa za chai na waya wa umeme, na kiinuliwe kidogo juu ya sakafu kwa vipande vya mbao ili chini pasilowe.

Wakubwa na wadogo

Katika nyumba yenye watoto wa rika mbalimbali, vyombo viwe viwili. Vitu vya mkubwa, kama gololi, vifuniko vya chupa, sarafu na mbegu, vinaweza kumsakama mdogo kooni. Viwango vya kimataifa vya vitu vya kuchezea hutumia silinda yenye kipenyo cha takriban sentimita 3.2: kitu kinachoingia chote ndani ya silinda hiyo hakimfai mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Betri ndogo za duara zina hatari ya pekee, kwani ikikwama kooni huweza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Mtoto akishukiwa kumeza betri, apelekwe kwenye kituo cha afya mara moja, asitapishwe.

Chombo cha mkubwa kiwe na kifuniko kinachobana na kikae juu. Cha mdogo kiwe wazi na kikae chini. Ndani yake viwekwe vitu vichache, vingine vihifadhiwe na kubadilishwa kwa zamu. Mtoto anayeona vyote alivyo navyo huchukua mwenyewe na hujifunza kurudisha mwenyewe. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inaweka ujifunzaji wa awali na ulinzi na usalama miongoni mwa mahitaji ya msingi ya mtoto. Kapu fupi lililo wazi huyahudumia yote mawili.

Kuagiza kwa fundi na kununua dukani

Anayeagiza kwa seremala au mfumaji achukue uzi, ampime mtoto kuanzia sakafuni hadi kifuani, afunge fundo na kumpelekea fundi uzi huo. Kipimo hicho kinaeleweka bila maelezo mengi. Makubaliano yaandikwe hata kwa mistari mitatu: kimo, aina ya mbao, kutokuwepo kwa kifuniko, bei, malipo ya awali na siku ya kukabidhiwa.

Anayenunua dukani atazame kama bidhaa ina jina la mtengenezaji, maelekezo na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania pale inapohitajika, na adai risiti. Bidhaa isiyolingana na maelezo ya muuzaji irudishwe kwake kwanza, pamoja na risiti. Asiposikiliza, lalamiko lipelekwe kwa ofisa biashara wa Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe, Tukuyu, au kwa Tume ya Ushindani, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa jukumu la kumlinda mlaji.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kuamua

1. Je, mtoto anaweza kufika chini ya chombo bila kutumbukia?
2. Je, anaweza kuingia ndani na kufungiwa?
3. Je, kikivutwa kwa nguvu kitamwangukia?
4. Je, kina kibanzi, ncha, ufa au rangi isiyojulikana?
5. Je, kiliwahi kubeba kitu chenye sumu?
6. Je, kinafanana na chombo kingine nyumbani ambacho hatutaki mtoto akiguse?

Jibu la swali la kwanza likiwa "ndiyo" na mengine yote "hapana", chombo hicho kinafaa, hata kama ni kapu lililofumwa na jirani. Swali la sita ndilo husahaulika zaidi. Tunamwomba mzazi aizungukie nyumba yake leo, ahesabu ndoo zote, na kuamua ni chombo gani katika nyumba hiyo kitakachokuwa cha mtoto peke yake.