Gharama za Matibabu ya Mtu Aliyeumizwa: Sheria Yasemaje?

Njia kuu ipitayo Benaco, itokayo Lusahunga katika wilaya ya Biharamulo na kwenda hadi daraja la Rusumo, hupitiwa na malori mengi. Njia hiyo huleta biashara, lakini pia huleta ajali. Mtu akigongwa, jamaa zake humkimbiza hospitali ya Murgwanza au ya Rulenge, nao huuza mbuzi au ng'ombe ili wapate fedha ya dawa. Baadaye huuliza: Je, fedha hii yaweza kurudi? Jawabu ni kwamba yaweza, lakini kwa masharti, nayo yafaa yajulikane kabla ya ajali.

Mtu aliyeumizwa kwa uzembe wa mwingine aweza kudai mahakamani fidia za namna mbili. Ya kwanza ni fidia ya jumla, yaani ya maumivu na ulemavu. Kiasi chake hukadiriwa na hakimu mwenyewe, kwani maumivu hayana bei sokoni. Ya pili ni fidia mahsusi, nayo ni ya fedha iliyokwisha kutumika: dawa, kitanda, upasuaji, na nauli ya hospitali. Hii haikadiriwi. Mahakama ya Rufani ilikumbusha, katika hukumu iliyochapwa katika kitabu cha hukumu za Tanzania cha mwaka 1992, ya kuwa fidia mahsusi sharti itajwe waziwazi katika madai, kisha ithibitishwe.

Tuseme mtu ametumia shilingi 600,000, naye ana stakabadhi za shilingi 250,000 tu. Ingawa jirani zake wote wajua kuwa aliuza ng'ombe, yumo hatarini kupata hizo 250,000 peke yake. Stakabadhi iliyopotea ni sawa na ng'ombe aliyepotea.

Nchi nyingine nazo zimelitengeneza jambo hili kwa sheria. Huko Uingereza, mwaka 1948, mwaka ule ule matibabu ya bure yalipoanza, Bunge liliamuru kwamba majeruhi asilaumiwe kwa kulipia matibabu hali angaliweza kutibiwa bure. Katika jimbo la Texas, Marekani, sheria ya mwaka 2003 ilisema kwamba fidia ya matibabu iwe ile fedha iliyolipwa kweli au inayodaiwa bado, wala si bei kubwa iliyoandikwa na hospitali kisha ikapunguzwa. Jimbo la Florida lilifuata njia kama hiyo mwaka 2023.

Kwetu Tanzania, badiliko kubwa liliwahusu wafanyakazi. Chini ya sheria ya zamani, iliyorithiwa tangu wakati wa ukoloni, fidia ya ulemavu wa kudumu haikuzidi shilingi 108,000. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko unaochangiwa na waajiri. Michango ilianza Julai 2015, na malipo Julai 2016. Mfuko huo hulipia matibabu ya aliyeumia kazini, wala halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea.

Lakini mpita njia aliyegongwa na lori hana mfuko huo. Yeye hudai kwa dereva, kwa mwenye gari, na kwa kampuni ya bima, maana sheria yamlazimisha mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine. Naye mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Basi, viongozi wa vijiji na walimu, twawaomba muwafundishe watu mambo haya. Ajali ikitokea, namba ya gari iandikwe mara moja, na polisi waarifiwe ili watoe fomu ya PF3. Kila stakabadhi ya dawa na ya nauli itunzwe pamoja na nyingine mahali pakavu. Tena madai yasicheleweshwe, kwani shauri la namna hii lisipofunguliwa katika miaka 3, mlango hufungwa. Mgonjwa mwenyewe hawezi kuyakumbuka hayo akiwa kitandani. Ni kazi ya jamaa zake.